Pesa imekatwa, tiketi haijaja: ombi lako linapita wapi ndani ya mfumo, na foleni inajaa wapi

FundiSeva_Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Uyole, Mbeya.

Siku hizi huku Nyanda za Juu Kusini watu wengi tunakata tiketi za basi kwa simu. Ikifika Desemba, au shule zikifungwa, malalamiko huwa ya aina moja: ukurasa unazunguka tu haufunguki, au pesa imekatwa na tiketi haijaja. Ukienda dirishani unaambiwa "mtandao unasumbua". Kazi yangu ni kutunza seva, na jibu hilo linaniuma, kwa sababu mara nyingi mtandao hauna kosa. Ombi lilifika salama kabisa kwenye mashine. Lilikwama baada ya kufika, kwenye foleni ambazo mnunuzi hazioni, na ambazo hata mtengenezaji wa mfumo huenda hajawahi kuzichungulia. Tulifuate ombi moja mpaka mwisho, tuone linakwama wapi.

Tuseme uko Mafiati, umechagua kiti, umebonyeza "Lipa". Simu yako inajua jina la tovuti tu, haijui mashine ilipo. Kwa hiyo inauliza DNS, mfumo wa majina uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na kurudishiwa anwani ya IP, yaani namba ya mashine hiyo kwenye mtandao. Kisha inabisha hodi kwa TCP, kanuni za kufungua na kulinda mawasiliano kati ya mashine mbili: simu inatuma SYN, seva inajibu SYN-ACK, simu inamalizia kwa ACK. TCP yenyewe chimbuko lake ni kazi ya Vint Cerf na Bob Kahn iliyochapishwa mwaka 1974. Baada ya hapo wanakubaliana namna ya kuficha mazungumzo yao wapita njia wasiyasome, ndipo ombi lenyewe linatumwa.

Umbali una gharama yake, ila ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mwanga ndani ya mkongo (waya wa kioo unaobeba data) unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mbeya hadi Dar kwa barabara ni kama kilomita 830, kwa hiyo mkongo wenye urefu huo unapitwa kwa milisekunde zipatazo 4. Seva ikiwa ng'ambo, kwenye njia ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100. Kubisha hodi, kufunga siri na kuuliza ni mizunguko mitatu au minne, basi unapata theluthi moja ya sekunde au zaidi kidogo. Utaihisi, lakini ukurasa uliozunguka dakika nzima hauwezi kusingiziwa umbali.

Sasa tumefika mlangoni, na hapa naomba tukae.

Pakiti, yaani kipande cha data, ikiingia kwenye kadi ya mtandao ya seva, kadi inaiandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu ya mashine, kisha inaishtua prosesa: kuna mzigo umeingia. Pakiti zikiwa nyingi mno, Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, inazima mishtuo hiyo kwa muda na kuanza kuzikusanya yenyewe kwa mafungu, maana prosesa ikishtuliwa kwa kila pakiti haitafanya kazi nyingine. Kerneli, yaani kiini cha Linux, inasoma namba ya poti (namba ya mlango wa programu), kwa kawaida 443 kwa tovuti zenye usalama, na kujua ni programu gani inayosikiliza hapo.

Ila programu haipokei papo hapo. Kuna foleni mbili. Ya kwanza ni ya waliotuma SYN na bado hawajakamilisha hodi. Ya pili ni ya waliokamilisha, wanaosubiri programu iwachukue. Hii ya pili ina ukomo. Kwa miaka mingi ukomo wa Linux ulikuwa 128, ukapandishwa hadi 4096 kwenye toleo la 5.4 mwaka 2019. Programu nayo inataja ukomo wake inapoanza kusikiliza, na kinachofuatwa ni kile kidogo kati ya viwili. Kwa hiyo unaweza kuwa na mashine kubwa ya gharama ambayo mlango wake bado ni wa watu 128.

Foleni hiyo ikijaa, Linux haisemi kitu. Inaidondosha pakiti kimya kimya. Simu yako inasubiri sekunde 1 na kutuma tena. Isipojibiwa inasubiri 2, halafu 4. Ndiyo maana ukipima seva iliyojaa mlangoni utaona maombi mengine yanajibiwa haraka na mengine yanachelewa kwa sekunde 1, au 3, au 7 kamili, kama yamekatwa kwa rula. Mtandao mbovu hauna ulinganifu wa namna hiyo. Ukiziona namba hizo, acha kumpigia mtoa huduma wa intaneti. Ingia kwenye seva uandike `ss -lnt`. Kwenye soketi inayosikiliza (mlango wa programu yako), safu ya Recv-Q inaonyesha wangapi wanasubiri kuchukuliwa, na Send-Q inaonyesha ukomo. Recv-Q ikiifikia au kuizidi Send-Q, umeshampata mgonjwa.

Tuseme ombi limechukuliwa. Zamani seva nyingi zilitenga mchakato mzima kwa kila mteja, na kumbukumbu ikaisha upesi. Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika kuhusu tatizo la kuhudumia wateja 10,000 kwa wakati mmoja kwenye mashine moja. Linux ikaja na epoll, ambayo inaiwezesha programu kuuliza mara moja tu "nani ana jambo?" badala ya kumpitia kila mmoja. Igor Sysoev akatoa nginx, programu ya seva ya tovuti, mwaka 2004 kwa mtindo huo. Tangu hapo kushikilia wateja wengi waliotulia si taabu. Taabu ni kuwafanyia kazi.

Kazi inafanywa nyuma, na watenda kazi, yaani nakala za programu zinazoshughulikia ombi moja moja, wana idadi. Tuseme mfumo wa tiketi una watenda kazi 20, na kila ombi linamchukua mmoja sekunde 0.2. Uwezo wake ni maombi 100 kwa sekunde. Asubuhi ya watu wengi yanaingia 120. Kila sekunde yanabaki 20. Baada ya dakika moja yamelala 1,200, na anayeingia sasa atasubiri sekunde 12 kabla hajaguswa.

Hapa ndipo penye uchungu. Kama simu inakata tamaa baada ya sekunde 10, yule mtu ameshaondoka. Seva haijui. Inalichukua ombi lake, inatafuta kiti, inaandaa jibu, inalituma kwa mtu ambaye hayupo. Wakati huohuo yeye amebonyeza tena na ombi lake la pili limejipanga nyuma. Mashine inafanya kazi kwa asilimia 100, prosesa imechemka, na hakuna mteja hata mmoja anayepata jibu. Ukiangalia tu kama mashine inafanya kazi utasema mambo ni mazuri.

Na usidhani mambo yanaharibika ukifika asilimia 100 tu. A. K. Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuchapisha hesabu za foleni mwaka 1909, na hesabu hizo hazijazeeka. Chukua mizani ya Makambako. Malori ya kutoka Tunduma hayaji kwa kupangana, yanakuja kwa makundi. Mizani ikiwa na kazi nusu ya muda wake, kwa wastani lori linapoteza mara mbili ya muda wa kupimwa tu. Ikifika asilimia 80 ni mara tano, asilimia 90 mara kumi, asilimia 95 mara ishirini. Hesabu hiyo ni ya mhudumu mmoja na wateja wanaokuja bila mpangilio. Ukiwa na wahudumu wengi unapata nafuu, lakini mkunjo ni uleule. Anayetamba kwamba seva yake inatumika asilimia 95 "hivyo haipotezi pesa" ajue wateja wake wanailipa kwa kusubiri.

Ninachodai ni hiki: mfumo unaokubali kila ombi linalokuja, hata lile usiloweza kulihudumia kwa wakati, unamdhulumu kila mtu aliye kwenye foleni. Kukataa mapema ni sehemu ya huduma. Karibuni tujadili.

---

Mnyalukolo

Kamwene mkuu. Uzi umesimama. Mimi niko Kihesa, Iringa, tuna mfumo wa ofisini unaolala kila mwisho wa mwezi. Bosi amekubali kununua seva kubwa zaidi, RAM mara mbili. Tununue au tusubiri?

---

FundiSeva_Uyole

Kamwene ndugu yangu. Msinunue kwanza. Tafuteni ni wapi ombi linapopotezea muda. Mara nyingi sana ni kwenye kanzidata (database): jedwali lilikuwa na mistari elfu mbili siku ya uzinduzi, sasa lina laki kadhaa, na hakuna faharasa (index) kwenye ile safu mnayoitafutia. Kila ombi linasoma jedwali zima toka juu hadi chini. Faharasa moja inaweza kushusha sekunde 2 zikawa milisekunde chache, na hiyo haiuzwi dukani.

Halafu angalia ukomo wa miunganisho. Programu ya kanzidata ya PostgreSQL ikiwekwa bila kubadilishwa chochote inaruhusu 100, MySQL 151. Ukiongeza watenda kazi wakawa 300 na kila mmoja anataka muunganisho wake, foleni imehama tu kutoka mlangoni kwenda chumba cha ndani, na huko ni vigumu zaidi kuiona.

Kuna hesabu nyepesi ya John Little, aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya walio ndani ya mfumo ni sawa na kasi wanayoingia nayo mara muda wanaokaa. Yakiingia maombi 50 kwa sekunde na kila moja linakaa sekunde 2, ndani wako 100 wakati wowote. Ukipunguza muda wa kukaa ukawa nusu sekunde, wanabaki 25. Ukikata muda, unahitaji mashine ndogo zaidi.

---

WakalaMwanjelwa

Mimi ni wakala hapa Mwanjelwa, si mtu wa kompyuta, ila nimesoma yote. Watu wanakuja kwangu wakilia. Mama ametuma nauli ya mtoto wa chuo, pesa imetoka, tiketi hakuna. Anatuma tena, inatoka tena. Mimi nabaki natukanwa kana kwamba nimekula mimi. Hiyo pesa inakuwa wapi?

---

FundiSeva_Uyole

Pole sana dada, na asante kwa kuuliza, maana hili ndilo lililonifanya niandike.

Hapo kuna mifumo miwili, wa basi na wa pesa za simu, na haioni ndani ya mwenzake. Mfumo wa basi unauambia wa pesa: mdai namba hii kiasi hiki. Mteja anaweka namba ya siri, pesa inahama. Kisha mfumo wa pesa unatuma taarifa kwenye seva ya basi: malipo yamekamilika. Taarifa hiyo nayo ni ombi kama maombi mengine! Inapita mlango uleule na kupanga foleni ileile na wanaotafuta viti. Seva ikiwa imejaa, taarifa inadondoshwa au inachelewa mpaka mtumaji anakata tamaa. Pesa imefika kwenye akaunti ya basi, lakini mfumo wa tiketi haujaambiwa.

Mwambie mteja asilipe mara ya pili kabla hajauliza. Atunze ujumbe wenye namba ya muamala, ndiyo itakayomtetea, na aipeleke ofisi ya basi waioanishe na kumbukumbu zao za malipo.

Kwa watengenezaji mnaosoma: taarifa za malipo zipewe njia yake, zisichanganywe na watu wanaotazama ratiba. Ikifika, iandikwe kwanza mahali pa kudumu, mtumaji ajibiwe 200 (yaani "nimepokea") papo hapo, na kutengeneza tiketi kufuate baadaye. Kuandika mstari mmoja kunachukua milisekunde. Kutengeneza tiketi, kutuma ujumbe wa simu na kupunguza viti kunaweza kuchukua sekunde nzima, na hakuna sababu ya kumshikilia mtumaji muda wote huo. Pia msingoje kuambiwa tu: kila baada ya dakika chache mfumo wenu uulize kuhusu malipo yasiyo na majibu.

La mwisho kwenye hili, na ni la lazima: kila nia ya kulipa iwe na namba yake ya pekee, itolewe ukurasa unapofunguka na si kitufe kinapobonyezwa. Mama akibonyeza mara nne, yaende maombi manne yenye namba moja. Seva ikishaiona namba hiyo, irudishe jibu la mwanzo na isidai tena. Mfumo wa pesa usio na ulinzi huu haujawa tayari kupokea pesa za watu.

---

MtuWaMinara

Mkuu nakuheshimu, lakini usiutakase mtandao. Nafanya kazi minarani, Rungwe hadi Kyela. Mvua za Machi na Aprili umeme unakatika, betri zinaisha, mnara unalala. Na tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, nchi nzima ikahisi. Hapo utasema foleni ya seva?

---

FundiSeva_Uyole

Hapana mkuu, hapo umesema kweli na nakubaliana nawe. Ndiyo maana naomba watu wasome kosa lenyewe kabla ya kulaumu.

Mnara ukilala, tovuti zote hazifunguki. Mkongo wa ng'ambo ukikatika, zilizo ndani ya nchi zinaweza kuendelea huku za nje zikisota. Lakini ukiona 502, 503 au 504, hiyo ni barua kutoka kwa seva. Imefikiwa, imekujibu, mtandao umefanya kazi yake. 502 maana yake seva ya mbele, ile inayopokea wateja, imepata jibu bovu kutoka nyuma, au imekataliwa kabisa. 504 maana yake imesubiri ya nyuma mpaka muda umeisha. 503 ni ya muungwana: siwezi kukuhudumia kwa sasa.

Kuna jambo ninyi wa minara mnalijua kuliko mimi. Mnara ukirudi hewani, simu zote zilizokuwa zimekwama zinatuma tena kwa pamoja. Seva iliyokuwa salama inapigwa na wimbi la dakika moja. Kwa hiyo kukatika kunatoka kwenu, na foleni inazaliwa kwetu.

---

BintiRungwe

Kaka, mbona siku ya matokeo ya mitihani tovuti moja inakufa na nyingine yenye matokeo yaleyale inafunguka vizuri? Nimeliona hili kwa macho yangu.

---

FundiSeva_Uyole

Kwa sababu matokeo yakishatoka hayabadiliki, dada. Ukurasa wa shule unaweza kuandaliwa mara moja, ukawa faili lililokamilika, na seva ikawa inagawa nakala tu bila kugusa kanzidata. Mashine ya kawaida inagawa maelfu ya faili hizo kwa sekunde. Ile inayokufa huenda inaujenga ukurasa upya kwa kila anayeuliza. Kiti cha basi ni habari nyingine, kinabadilika kila mtu akinunua, hivyo hakuna nakala ya kugawa.

---

KijanaMakambako

Mkuu, natengeneza mfumo wa tiketi kwa kampuni ndogo ya mabasi ya Njombe hadi Songea. Tatizo langu ni kiti kimoja kuuzwa kwa watu wawili. Nimeandika vizuri kabisa: kwanza naangalia kama kiti kipo wazi, kikiwa wazi nauza. Bado inatokea. Na ukisema kukataa mapema, unakataaje kwa vitendo?

---

FundiSeva_Uyole

Mdogo wangu, kati ya kuangalia na kuuza kuna mwanya. Ni milisekunde chache, lakini siku ya watu wengi mwanya huo una watu ndani yake. Ombi la kwanza linauliza: kiti 14 kiko wazi? Ndiyo. Kabla halijaandika, la pili linauliza: kiti 14? Ndiyo. Yote mawili yanauza, na yote yamesema kweli kwa wakati wake. Huwezi kuziba mwanya huo kwa kuangalia mara mbili.

Iachie kanzidata. Kwenye jedwali la tiketi weka sharti la upekee kwenye safari na namba ya kiti kwa pamoja. Usiangalie kwanza, andika moja kwa moja. Wa kwanza ataandikwa, wa pili kanzidata itamgomea, nawe umwambie "kiti kimechukuliwa, chagua kingine". Kwa anayelipa, kishikilie kiti kwa dakika chache chenye muda wa kuisha ulioandikwa, asipolipa kirudi sokoni. Na usifunge mstari wa kanzidata kwa muda wote ambao mtu anatafuta namba yake ya siri, utawasimamisha wengine wote.

Kuhusu kukataa, anza na muda. Kama simu inasubiri sekunde 10, seva ya mbele isubiri 8, mtenda kazi 6, swali la kanzidata 3. Wa ndani akate tamaa kabla ya wa nje, vinginevyo unawahudumia walioondoka. Kisha foleni yako iwe na ukomo unaotokana na hesabu: ukihudumia 100 kwa sekunde na hutaki mtu asubiri zaidi ya sekunde 3, foleni isizidi 300. Wa 301 apewe 503 papo hapo, pamoja na kichwa cha Retry-After kinachomwambia arudi baada ya sekunde ngapi, na ukurasa wa Kiswahili unaosema wazi kwamba hajakatwa pesa. Mtu akijua hajakatwa pesa hatabonyeza kwa hofu.

Programu yako ya simu nayo isirudie kutuma kama mashine ya kukoboa. Jaribio la pili lingoje sekunde 1, la tatu 2, la nne 4, na uchanganye na kiasi cha bahati nasibu kila simu ingoje tofauti na mwenzake. Usipochanganya, simu zilizokwama pamoja zitarudi pamoja.

Jaribu haya yote kwenye mashine ya pembeni, uipige maombi zaidi ya uwezo wake kwa makusudi, na wakati inapigwa fungua dirisha jingine uandike `ss -lnt` na `nstat -az TcpExtListenOverflows`. Hiyo ya pili inahesabu mara ngapi mlango ulijaa. Yabandike hapa uyapatayo, pamoja na namba ya watenda kazi ulioweka, tuyasome pamoja.